Roshani Iliyorudishwa na Bunge

Ukimwona mtu wa serikali amesimama katikati ya kichochoro cha Mji wa Kale na picha mkononi, atazama picha, atazama juu, atazama tena picha, jua kuna mtu siku yake imeshaharibika. Jumanne ile mtu wa serikali alikuwa Bwana Crispus, ofisa wa Idara ya Majengo ya Kale, shati limeloa jasho mpaka kwenye kola. Aliyeharibikiwa alikuwa Bi Mbeyu. Tuktuk mbili zilimpigia honi ofisa yule hata zikachoka. Hakusogea. Alikuwa akitafuta kitu kikubwa kama kitanda cha watu sita, na hakioni.

"Hodi hapa!" akaita mwishowe.

"Karibu," akajibu Chirau, mwana wa Bi Mbeyu, ambaye ndiyo kwanza arudi kutoka bandari ya Kilindini, kwenye kazi yake ya kuhesabu makontena.

"Hapa ndipo kwa Bi Mbeyu?"

"Ndipo. Ni mamangu."

"Roshani iko wapi?"

Chirau alitoa kichwa nje, naye akatazama juu, kama mtu aliyepata habari hizo sasa hivi. Ukuta ulikuwa mtupu. Pale boriti zilipokuwa zimeingia palibaki matundu manne yaliyozibwa kwa saruji, kama meno yaliyong'olewa.

"Tuliiondoa mwaka jana. Ilikuwa yaanguka. Kipande kimoja kiliangukia sinia la mikate ya mofa, mwenye mikate akakoswa kwa shibiri."

"Nani aliwaruhusu?"

"Bunge."

Jawabu hilo halikuwa la ufidhuli. Miaka miwili nyuma waheshimiwa waliketi wakaona Sheria ya Majengo ya Kale ina vifungu viwili vinavyowasumbua. Kimoja kilitoa fedha za kukarabati roshani za zamani, kingine kilimtoza faini anayeing'oa roshani yake. Wakasema fedha hakuna. Wakavifuta vyote viwili asubuhi moja, wakaenda kula. Mwezi uliopita wakaketi tena, wakagundua kwamba watalii wapenda roshani na kwamba uchaguzi wakaribia. Wakaleta marekebisho, wakavirudisha vyote viwili asubuhi moja, wakaenda kula. Mejumaa, mkewe Chirau, aliposikia redioni kwamba fedha zimerudishwa alipiga kigelegele peke yake jikoni. Sasa alikuwa amesimama ngazini akisikiza, na kile kigelegele akikionea haya.

"Lakini wakati tunaiondoa sheria haikuwapo," Chirau akasema.

"Marekebisho yanasema vifungu vimerudi kama vilivyokuwa," Bwana Crispus akajibu, "na vitahesabiwa kana kwamba havikuwahi kufutwa."

"Lakini vilifutwa."

"Vilifutwa. Lakini havikuwahi kufutwa."

Chirau alimtazama vizuri kuona kama amfanyia mzaha. Yule bwana hakuwa na hata punje ya mzaha. Alikuwa na kalamu mbili na joto.

"Chirau!" Sauti ya Bi Mbeyu ikatoka ndani. "Nani huyo wamsimamisha mlangoni kama mdai? Mtie ndani apewe maji."

Bwana Crispus akatiwa ndani. Akanywa gilasi mbili za maji baridi, akashukuru kwa adabu zote, kisha akaandika faini. Elfu mia mbili na hamsini. La sivyo, roshani irudishwe mahali pake katika siku thelathini, kwa mbao zake za asili. Yasipofanyika hayo wala hayo, nyumba itauzwa.

"Nyumba hii?" akauliza Bi Mbeyu, kama kwamba zilikuwa nyingi. Aliachiwa na marehemu mumewe, mchukuzi wa bandarini aliyeinunua gunia kwa gunia kwa mgongo wake.

"Hii, mama."

"Na ule mfuko wa fedha uliorudishwa?" Mejumaa akatia neno.

"Mfuko ni wa kukarabati roshani. Nyinyi hamna roshani."

"Na tungekuwa nayo?"

"Mngekuwa nayo hamngekuwa na kosa, na mngepewa pesa."

"Yaani mwatoa pesa kwa asiye na haja, mwamtoza faini mwenye shida."

"Mimi sitoi wala sitozi, dada. Mimi naandika." Akageuza ukurasa. "Hizo mbao ziko wapi?"

Chirau akatazama sakafu. Mejumaa akatazama dari. Bi Mbeyu peke yake ndiye aliyeinua kidevu, maana hilo lilikuwa jambo la fahari yake.

"Ziko msikitini. Zimekuwa jeneza."

Kalamu ikasimama. "Jeneza la nani?"

"La kila mtu," akasema Bi Mbeyu. "Hata weye, ukisilimu."

* * *

Ilikuwa kweli. Jeneza la zamani la msikiti wa mtaa lilikuwa na mguu mmoja unaocheza, na siku moja, penye kona ya kuelekea makaburini, maiti wa watu alitaka kuteremka ashike njia yake. Watu walipiga shahada mara tatu tatu. Basi roshani iliposhushwa, Bi Mbeyu alizitoa zile mbao za msaji sadaka, na Chonga, fundi seremala wa Bondeni, akaunda jeneza ambalo hata wazima walipita kulipapasa. Lilikuwa na nakshi ubavuni, ileile nakshi ya roshani. Mzee mmoja alisema amelipenda kiasi cha kutaka kufa mwezi huohuo, ingawa mpaka leo yupo.

Alasiri ya pili Chirau alikwenda kwa Chonga, wakafuatana mpaka chumba cha nyuma ya msikiti. Chirau alikuwa na futi ya chuma, na aibu.

"Sasa wataka nini?" Chonga akauliza. "Nilivunjevunje?"

"Nataka kujua tu mbao zilizobaki ni kiasi gani."

"Zilizobaki hazipo. Nyingine nilizikata, nyingine niliziranda. Nikikurudishia hii kuwa roshani utapata roshani ya kuku."

"Chonga, nyumba yauzwa."

"Na mimi nasikitika, ndugu yangu. Lakini nikimwambia imamu nalitaka jeneza niligeuze kibaraza, atanilaza ndani yake."

Chirau hata hivyo akapima. Akapima urefu, akapima upana, akainama kupima kina, midomo yamcheza kwa hesabu. Hapo ndipo wanaume watatu walipoingia kuchukua jeneza, maana Makadara kulikuwa na msiba. Wakamkuta mtu na futi yake ndani ya jeneza mpaka kiunoni, uso umempooza. Wakatazamana. Hakuna aliyeuliza. Watu wa mtaa ule hawana tabia ya kuuliza jambo wanaloweza kulitangaza.

Haikupita saa. Mejumaa yuko jikoni, akasikia kilio mlangoni. Wanawake saba, mabuibui yamewakaa vibaya kwa haraka, wa mbele ameshikwa mikono na wawili. Nyuma yao mtu amebeba sufuria kubwa la kupikia, maana wengine hawapendi kupoteza wakati.

"Poleni, Mejumaa! Poleni na msiba!"

"Msiba gani?"

"Usijikaze, mwanangu, lia. Tumeambiwa Chirau yuko msikitini ampimia mamake jeneza, hata miguu hajui aikunje vipi!"

"Nani aikunja miguu?" akauliza Bi Mbeyu kutoka juu ya mkeka, alikokuwa akichambua mbaazi.

Wa mbele akanyamaza katikati ya kwikwi. Wa nyuma, ambaye hakuona, akaendelea kulia peke yake kitambo kidogo.

"Mmekuja kunizika," Bi Mbeyu akasema, "na sufuria lenyewe ni dogo. Mimi nina watu. Kaeni mnisaidie mbaazi, basi, msirudi bure."

Wakakaa, wakachambua. Ikabidi waelezwe mambo yote, na kufika magharibi mtaa mzima ulijua kwamba sheria imerudi, kwamba roshani ya Bi Mbeyu imebeba maiti kumi na nne, na kwamba serikali yaitaka. Wengine walicheka. Mmoja aliyekuwa ameng'oa roshani yake kwa siri alikwenda nyumbani akafunga madirisha.

* * *

Siku ya ishirini, Jumatatu, Chirau aliomba ruhusa kazini, akavaa viatu vyake vya Idi, akaenda kwa Mheshimiwa Dishon Ngala, ambaye ndiye aliyeleta marekebisho bungeni. Ukutani pa chumba cha kungojea palikuwa na picha yake kubwa amenyanyua ngumi, na chini pameandikwa: NIMERUDISHA. Chirau alikaa chini ya ngumi ile tangu saa tatu mpaka saa saba. Waliokuja baadaye waliingia kabla. Mwenye suti aliingia. Mwenye keki aliingia. Karani wa kike alimwambia mara mbili, "Baba, sogeza miguu, kunapigwa deki," ingawa aliyepiga deki alikuwa amemaliza zamani.

Alipoingizwa, Mheshimiwa alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wa roshani! Wewe ni wa kwanza kwenye orodha yangu!"

"Ya faini, Mheshimiwa?"

"Ya ukarabati! Nyumba namba moja. Picha yenu ndiyo nzuri kuliko zote kwenye daftari la zamani la Idara. Jumamosi nazindua mfuko pale pale chini ya roshani yenu."

"Mheshimiwa, roshani haipo."

"Nimesikia. Nimesikia na la jeneza, nimecheka sana." Hakuonyesha kwamba anacheka sasa. "Sikiza, ndugu yangu. Daftari linasema ipo. Sheria yangu inalitambua daftari. Mkandarasi nishampata, hati zake tayari. Bi Mbeyu atie saini kwamba roshani imekarabatiwa, faini inafutika saa hiyohiyo. Mnataka nini tena?"

"Na itajengwa lini?"

"Itajengwa," Mheshimiwa akasema, kwa sauti ile wanayosemea kuhusu barabara na maji. "Kwanza tumalize karatasi. Kwa siku ya shughuli nimechapisha turubai, picha ya roshani vilevile ilivyokuwa. Itatundikwa ukutani. Ukiitazama kwa mbali hujui."

Chirau alitoka mle ndani mwepesi, aona haya kwa wepesi wake. Nyumbani Mejumaa alimsikiza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Roshani ya turubai! Sasa nami nitaanika nguo za karatasi."

"Waona vibaya?"

"Naona wizi. Kuna mtu ala hizo fedha, na sisi twamshikia sahani."

"Mejumaa, zimebaki siku kumi. Nina elfu thelathini na mbili. Wataka niseme nini?"

Mejumaa akakaa ngazini. Alitazama kuta zile nene, zenye ubaridi wake hata mwezi wa pili jua linapowasha, na mkono ukatoka kiunoni.

"Sema nao, basi," akasema taratibu. "Roshani ni ya uwongo, lakini nyumba ni ya kweli. Ila mamako utamwambia weye. Mimi simo."

Chirau alimwambia mamake Ijumaa baada ya chakula, akizunguka kama paka na moto. Kwamba ni saini tu. Kwamba kila mtu afanya hivyo. Kwamba marehemu baba asingependa nyumba iuzwe. Bi Mbeyu alikuwa akiosha vidole kwenye bakuli, akaviosha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na waje," akasema. "Nitawapokea."

* * *

Jumamosi saa nne kichochoro kilikuwa hakipitiki. Kulikuwa na viti vya plastiki, vipaza sauti viwili vikubwa kuliko waimbaji, soda za wageni na maji ya wenyeji. Turubai ilikuwa imetundikwa ukutani kutoka chini ya paa: roshani nzima, nakshi zake, nguzo zake, hata kivuli chake, ingawa kivuli kilianguka upande ambao jua halikuwako. Upepo ulipovuma roshani ilivimba tumbo kisha ikanywea. Watu walisema hivyo ndivyo alivyo na Mheshimiwa mwenyewe uchaguzi ukija na ukipita.

Mheshimiwa Ngala alihutubu robo saa. Alisema waliokuja kabla yake walinyang'anya na yeye amerudisha, akasahau kusema kwamba siku ya kunyang'anya alikuwa ameketi ndani ya bunge hilohilo na mkono wake aliunyanyua. Kisha akapanda juu kwenye sebule ya Bi Mbeyu, pamoja na Bwana Crispus na mpiga picha, saini itiwe mbele ya kamera.

Bi Mbeyu alikuwa amevaa leso mpya na miwani ya Mejumaa. Mheshimiwa akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nisomee hiyo karatasi, macho yangu ni ya zamani, nayo hayajarekebishwa."

Bwana Crispus akasoma. "Mimi Mbeyu, mwenye nyumba hii, nathibitisha kuwa nimepokea roshani moja, iliyokarabatiwa kwa mbao zake za asili, nikaikagua na kuridhika nayo."

"Rudia hapo mwisho."

"Nikaikagua na kuridhika nayo."

"Basi bado sijaikagua," akasema Bi Mbeyu, akashika goti akainuka.

"Mama," Chirau akanong'ona. "Mama, tafadhali."

Hakumtazama. Mlango wa zamani wa kutokea roshanini ulikuwa bado upo pale sebuleni, umewekwa kabati la vyombo mbele. Alilisukuma kabati kwa nyonga, na Mejumaa, ambaye alisema yeye hamo, akalishika upande wa pili. Komeo likatoka. Mlango ukafunguka kwa ndani, na mbele yake pakaonekana mgongo mweupe wa turubai. Bi Mbeyu akaifunua pembeni kama pazia, akachungulia nje.

Kule chini watu waliona kichwa cha Bi Mbeyu kikichomoza ubavuni mwa picha, leso na miwani. Kisha mtu akapiga mbinja, na kichochoro chote kikaangua kicheko. Simu zikanyanyuliwa.

Bi Mbeyu akageuka ndani. Akanyoosha mkono kuelekea kizingiti, kwa ile heshima ya mwenyeji anayempisha mgeni.

"Mheshimiwa, karibu roshanini. Tangulia weye uliyeirudisha. Ukisimama pale nikakuona, natia saini yangu na ya mwanangu."

Mheshimiwa Ngala alipiga hatua mbili, kwa kuwa kamera ilikuwa ikimtazama, kisha akashika mwimo wa mlango. Chini palikuwa mbali. Viti vya plastiki vilionekana kama vikombe.

"Toka, Mheshimiwa!" wakapiga kelele huko nje. "Toka tukuone! Sheria yasema ipo!"

"Zima hiyo," Mheshimiwa akamwambia mpiga picha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Bi Mbeyu, tusiharibiane shughuli."

"Siharibu. Nakukaribisha."

"Unajua usipotia saini faini inabaki?"

"Najua."

"Elfu mia mbili na hamsini. Na siku zimebaki tano."

"Ibaki. Tangu mmeanza kuja humu ndani, hiyo faini ndiyo kitu pekee mlicholeta ambacho kipo."

Mheshimiwa akamtazama Chirau, mwanamume kwa mwanamume, akimtaka aseme. Nusu saa iliyopita Chirau angesema. Alikuwa na maneno yake tayari, ya baba marehemu na ya nyumba kuuzwa, ameyapanga kichwani usiku mzima. Sasa yalimkauka. Alichoona ni mtu mnene wa suti ameng'ang'ania mwimo wa mlango wa nyumba yao, aogopa kukanyaga kazi yake mwenyewe.

"Mama ndiye mwenye nyumba," akasema.

Mheshimiwa akashuka ngazi bila ya kuaga. Vipaza sauti vikazimwa. Bwana Crispus alibaki amesimama na daftari lake, kalamu moja sikioni, nyingine mkononi.

"Niandike nini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anayetaka kujua kweli.

"Weye si waandika tu?" Mejumaa akamwambia. "Andika ulichokiona."

Ofisa akasogea mlangoni. Akatazama nje upande ule turubai ilipofunuliwa, penye ukuta wa jirani na waya za stima na mbingu kidogo. Akaandika: Hakuna. Akaandika tarehe. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu asiyezoea kutoa kitu, akasema kuna kifungu cha tatu ambacho hakuna aliyewahi kukifuta wala kukirudisha, kwa vile hakuna aliyewahi kukisoma: anayekubali kosa kabla ya siku ya thelathini anaruhusiwa kulipa faini kidogo kidogo kwa miaka miwili.

"Na hukutwambia?" Chirau akasema.

"Hamkuuliza."

Jumatatu Chirau na mamake walisimama kwenye dirisha la malipo, yeye na elfu kumi na nusu za mwezi wa kwanza, mamake na mkoba mtupu, amekuja kuhakikisha tu. Chumba cha chini walikuwa wameshakipangisha kwa mwalimu wa Kisauni. Mejumaa alikuwa ameongeza siku mbili za kufulia watu. Karani akapokea, akahesabu mara mbili, akauliza bila ya kuinua macho:

"Malipo ya nini?"

"Ya roshani," akasema Chirau.

"Ya kuweka au ya kutoa?"

Chirau alifungua mdomo. Bi Mbeyu akamsogeza kwa kiwiko, akaweka kidevu juu ya dirisha.

"Andika ya kusema kweli," akasema. "Na risiti nipe mimi."